Mashine ya kupimia koltani: inasoma nini, na namba yake iaminiwe kiasi gani?

Wakimbizi wengi wa Kongo walioko Kigali na katika kambi za Kiziba, Nyabiheke, Kigeme, Mugombwa na Mahama wanatoka maeneo ambako koltani na kasiterite ni kazi ya kila siku: Masisi, Walikale, Kalehe na kwingineko. Warundi wa Mahama nao wanajua machimbo ya Kabarore, upande wa Kayanza. Wenyeji wa Rwanda wanachimba koltani Gatumba, Ngororero, na kasiterite, ambayo wao huiita gasegereti, Rutongo na Rwinkwavu. Kwa hiyo karibu kila familia ina mtu aliyewahi kusimama mbele ya mnunuzi mwenye ile mashine ya mkononi inayofanana na kikaushia nywele. Mnunuzi anaigusisha kwenye madini, anabonyeza, anasubiri nusu dakika, kisha anasema: "Ishirini na sita." Bei inatoka hapo. Muuzaji alitarajia thelathini, lakini atabishana na nani? Mashine imesema.

Makala hii inaeleza mashine hiyo inaona nini ndani ya madini, na namna ya kujua kama namba moja iliyotajwa inatosha kufunga biashara. Sehemu ya kwanza ni Kemia ambayo wanafunzi wa S4 hapa Rwanda hukutana nayo kwa Kiingereza. Sehemu ya pili ni takwimu, somo ambalo wengi wetu tuliliogopa shuleni. Tumeandika kwa Kiswahili ili aliyesomea Goma kwa Kifaransa, aliyesomea Ngozi na anayesomea Kicukiro leo waelewane.

Ngazi ndani ya atomu

Kila kitu kimetengenezwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni, na kuzunguka kiini kuna elektroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomu hiyo ni kitu gani. Chuma kina protoni 26, niobi 41, bati 50, tantali 73, wolframu 74. Ukibadilisha idadi hiyo umebadilisha kitu chenyewe.

Elektroni hazikai popote zinapotaka. Kigali ni mji wa vilima na ngazi, kwa hiyo mfano uko karibu: unaweza kusimama kwenye daraja la kwanza la ngazi au la pili, lakini hakuna anayesimama hewani katikati ya madaraja mawili. Elektroni nazo zina madaraja yao, yaitwayo ngazi za nishati. Mwanafizikia Niels Bohr wa Denmark alilitoa wazo hili kwa atomu ya hidrojeni mwaka 1913.

Nishati hii hupimwa kwa elektrovolti. Katika hidrojeni, daraja la chini kabisa lina elektrovolti -13.6, la pili -3.4, la tatu -1.5. Alama ya kutoa huwasumbua wanafunzi. Ichukulie kama deni: elektroni iliyo chini kabisa inadaiwa 13.6, na haiwezi kutoka kwenye atomu mpaka mtu ailipie. Iliyo daraja la pili inadaiwa 3.4 tu, kwa hiyo ni rahisi zaidi kuitoa.

Elektroni ikianguka kutoka daraja la juu kwenda la chini, tofauti ya nishati haipotei. Inatoka kama mwanga. Kutoka la tatu kwenda la pili katika hidrojeni ni 3.4 kutoa 1.5, yaani 1.9, na mwanga wa elektrovolti 1.9 jicho linauona kuwa mwekundu. Haiwezi kutoka 1.7 wala 2.0, kwa sababu hakuna madaraja yenye tofauti hiyo. Jambo hili umeliona jikoni bila kulijua. Chumvi ikimwagikia kwenye mwali wa moto, mwali unageuka njano. Ni elektroni ya sodiamu iliyo kwenye chumvi, inayopandishwa na joto kisha kushuka na kutoa elektrovolti 2.1. Chumvi ya Uvinza au ya Mombasa, njano ni ileile, kwa kuwa madaraja ya sodiamu ni yaleyale popote duniani.

Mashine inavyoitambua tantali

Mwanga tunaouona kwa macho hutoka kwenye elektroni za nje. Mashine ya koltani inatafuta elektroni za ndani kabisa, zile zilizokaribia kiini. Kwa atomu kubwa, protoni nyingi huzivuta kwa nguvu sana, hivyo deni lake halihesabiwi kwa elektrovolti chache bali kwa maelfu. Hapa tutatumia kiloelektrovolti, yaani elektrovolti 1,000.

Ndani ya mashine kuna kifaa kidogo kinachotoa eksirei, ndugu wa ile ya hospitali. Eksirei ikigonga atomu, inaweza kung'oa elektroni ya ndani. Pengo linabaki. Elektroni ya daraja la juu inashuka kuliziba, na inaposhuka inatoa eksirei yake yenyewe, yenye nishati sawa na tofauti ya madaraja hayo mawili. Mashine inapokea eksirei hizo, inazipanga kwa nishati na kuzihesabu. Chuma hutoa 6.4. Niobi hutoa 16.6. Bati hutoa 25.3. Ni kama kumtambua mtu kwa sauti yake ukiwa nje ya mlango.

Aliyeonyesha kwamba namba hizi zinafuata mpangilio ni kijana Mwingereza, Henry Moseley, kati ya 1913 na 1914. Alipima metali moja baada ya nyingine na kukuta kwamba kipeo cha pili cha nishati hupanda kwa hatua zilizo karibu sawa kila idadi ya protoni inapoongezeka kwa moja. Kwa elektroni inayoshuka hadi daraja la ndani kabisa, unaweza kukisia mwenyewe: chukua idadi ya protoni, toa moja, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 10.2. Unapata elektrovolti. Kwa chuma, 26 kutoa 1 ni 25, 25 mara 25 ni 625, mara 10.2 ni 6,375, yaani takribani 6.4. Kwa niobi utapata 16.3, karibu kabisa na 16.6 inayopimwa. Kwa bati utapata 24.5 badala ya 25.3, kwa sababu kanuni hii rahisi huanza kuachwa nyuma atomu zinapokuwa kubwa. Mwanafunzi mwenye kikokotoo ajaribu shaba, protoni 29, aone kama atafika karibu na 8.0. Moseley mwenyewe aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Tantali ina jambo lake. Ili kung'oa elektroni ya daraja la ndani kabisa la tantali unahitaji zaidi ya kiloelektrovolti 67, na mashine nyingi za mkononi huishia 40 au 50. Kwa hiyo mashine hung'oa elektroni ya daraja la pili, na sauti ya tantali inayosikika ni 8.15, ikifuatwa na nyingine ya 9.34. Sasa angalia jirani zake. Shaba iko 8.05. Wolframu, madini ambayo Rwanda inayachimba Nyakabingo na Gifurwe, iko 8.40. Mashine haichori mistari myembamba. Inachora vilima, na vilima vya tantali na wolframu hugusana miguuni kama vilima vya mji huu. Programu ya mashine inapaswa kukadiria kilima kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, na husaidiwa na ile sauti ya pili ya 9.34. Ikiwa imepangwa vizuri, inafaulu. Ikiwa imepangwa kwa ajili ya kupima vyuma chakavu na mtu akaitumia kwenye koltani, hapo pana mashaka.

Ndugu wawili waliochanganywa miaka 40

Koltani si kitu kimoja. Jina lenyewe limetokana na kolumbiti na tantaliti, na ndani yake tantali na niobi hukaa pamoja. Niobi iligunduliwa Uingereza mwaka 1801, tantali Uswidi mwaka 1802, kisha wanakemia wakabishana kama ni vitu viwili au kimoja mpaka Mjerumani Heinrich Rose alipoonyesha mwaka 1844 kwamba ni viwili. Sababu ya mkanganyiko iko kwenye elektroni. Elektroni za nje za metali hizi mbili zinafanana sana, na kemia ya asidi na moto inashughulika na elektroni za nje. Zile za ndani hazifanani hata kidogo: niobi ina protoni 41 na tantali 73. Eksirei inashuka moja kwa moja mpaka ndani, ndiyo maana mashine inafanya kwa nusu dakika kile kilichowashinda wakemia kwa miongo minne.

Kwa muuzaji tofauti hii ni pesa. Bei ya koltani hufuata zaidi kiasi cha oksidi ya tantali, ile inayotafutwa kwa ajili ya vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Gunia zito, jeusi, linalong'aa, linaweza kuwa na niobi nyingi na tantali kidogo. Macho na mkono haviwezi kutofautisha.

Kwa hiyo mashine ikisema kuna tantali, iamini. Kwenye kutaja jina la metali inakosea mara chache sana.

Asilimia ni jambo jingine

Kusema tantali ni kiasi gani ni kazi ngumu zaidi. Tatizo la kwanza ni kina. Eksirei ya tantali ya 8.15 ni dhaifu, na koltani ni nzito. Eksirei inayozaliwa ndani kidogo tu ya punje humezwa kabla ya kutoka. Kinachofika kwenye mashine kimetoka kwenye ngozi ya juu ya punje, nyembamba kuliko unywele. Mnunuzi anayepima mdomo wa gunia la kilo 50 amesoma kiganja kimoja cha mchanga, na ndani ya kiganja hicho amesoma nyuso za punje tu. Kama punje nzito zimeshuka chini kwa kutikiswa barabarani, mdomo wa gunia unamdanganya muuzaji. Kama kuna aliyepanga mawe mazuri juu, unamdanganya mnunuzi. Tumesikia yote mawili.

Maji ni tatizo la pili. Koltani mbichi kutoka kwenye karai la kuoshea ina maji yanayoongeza uzito na kupunguza asilimia. Kisha kuna ukubwa wa punje: mchanganyiko wa kokoto na unga hausomeki sawa na unga mtupu.

Mafundi wa maabara hutumia njia ya zamani isiyohitaji umeme. Kausha madini. Yamwage yote kwenye turubai, yachanganye kwa koleo, yarundike yawe kama kilima kidogo. Kibonyeze juu kiwe bapa, kigawe robo nne kama mkate, chukua robo mbili zinazotazamana na uziweke nyingine kando. Changanya tena, gawa tena, mpaka ubaki na kiasi kidogo kinachowakilisha gunia zima. Hicho ndicho kinachosagwa na kupimwa. Inachukua muda, na mwenye haraka huwa ni yule ambaye haraka inamfaidi.

Hata baada ya hapo, pima mara tisa kwenye vijiko tisa tofauti na utapata namba tisa tofauti. Si lazima mtu awe amedanganya. Ni kawaida ya vipimo. Kazi ya takwimu ni kusema tofauti ipi ni ya kawaida na ipi ni kubwa mno.

Gunia moja, wabishani wawili

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuzaji anasema gunia lake la kilo 50 lina asilimia 30 ya oksidi ya tantali. Mnunuzi anapima mara moja, anapata 26. Kwa 30, gunia lina kilo 15 za oksidi. Kwa 26, lina kilo 13. Wanabishania kilo mbili, na kwa bei ya tantali kilo mbili si za kutupa.

Tuseme wanakubaliana kuchanganya vizuri na kupima vijiko tisa. Wanapata: 27, 31, 28, 29, 26, 30, 28, 29, 27.

Takwimu huanza kwa kuchukua dai moja na kulichukulia kana kwamba ni kweli. Dai hilo huitwa nadharia tete. Kisha tunauliza: kama dai ni kweli, je, vipimo kama hivi vingetokea kwa bahati tu, mara ngapi? Vikionekana kuwa vya nadra mno, tunalikataa dai. Vikionekana vya kawaida, hatulikatai. Ni kama mahakamani, ambako mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ushahidi umlemee. Akiachiliwa kwa kukosa ushahidi, mahakama haijathibitisha kwamba hakuiba. Shika neno hilo, tutalihitaji mwishoni.

Jumla ya vipimo tisa ni 255, wastani ni 28.3. Sasa tunapima jinsi vilivyotawanyika. Kwa kila kipimo, tafuta tofauti yake na wastani, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote: utapata 20. Gawanya kwa 8, yaani idadi ya vipimo kutoa moja: 2.5. Kipeo chake cha pili ni takribani 1.58. Hicho ni mkengeuko sanifu, umbali wa kawaida wa kipimo kimoja kutoka kwenye wastani. Lakini wastani wa vipimo tisa hauyumbi kama kipimo kimoja. Gawanya 1.58 kwa kipeo cha pili cha 9, ambacho ni 3, upate 0.53.

Dai la muuzaji ni 30. Wastani uko chini yake kwa 1.67. Gawanya 1.67 kwa 0.53: zaidi kidogo ya 3. Yaani wastani umekaa mbali na dai lake kwa hatua tatu za kuyumba. Kwa vipimo tisa, jedwali la takwimu linasema hatua zinazozidi 2.31, upande wowote, hutokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Dai la 30 linakataliwa.

Mnunuzi asishangilie bado. Chukua dai lake la 26. Wastani uko juu yake kwa 2.33, gawanya kwa 0.53: zaidi ya hatua 4. Nalo linakataliwa, tena kwa nguvu zaidi. Ukitafuta madai yote ambayo vipimo hivi havikatai, yanaanzia 27.1 mpaka 29.5. Gunia lina takribani kilo 14.2 za oksidi. Muuzaji alijipendelea kidogo, na mnunuzi aliyeshika kipimo kimoja cha 26 alikuwa ameshika kipimo cha chini kuliko vyote.

Sasa rudia, lakini wachoke baada ya vijiko vitatu vya kwanza: 27, 31, 28. Wastani ni 28.7, karibu uleule. Lakini kwa vipimo vitatu wastani wenyewe unayumba kwa 1.2, na jedwali linadai hatua 4.3 kabla ya kukataa. Dai la 30 liko hatua 1.1 tu. Halikataliwi. Gunia ni lilelile, mashine ni ileile, jibu limebadilika kwa sababu ya uvivu. Anayesema "tulipima na hatukuona tofauti" aulizwe kwanza alipima mara ngapi.

Jedwali tulilotumia limetokana na kazi ya William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyekuwa akihangaika na sampuli chache za shayiri. Mwaka 1908 aliichapisha kwa jina la kubuni, "Student", kwa sababu kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Ile mipaka ya 5 katika 100 ilienezwa na Ronald Fisher katika miaka ya 1920. Haikuandikwa mbinguni. Ni desturi, na penye hasara kubwa watu huweza kudai 1 katika 100.

Mashine ikikosea daima upande mmoja

Hesabu hiyo yote ina mpaka ambao lazima usemwe. Inashughulikia makosa yanayoyumba huku na huku. Kama mashine imepangwa vibaya na kila mara inasoma pointi tatu pungufu, vipimo tisa vitakubaliana vizuri sana, na vyote vitakuwa vibaya. Vipimo elfu moja havitasaidia. Mizani ya sokoni iliyokatwa haiponi kwa kupima mara nyingi.

Dawa yake ni unga wa kulinganishia, ambao kiasi chake cha tantali kinajulikana tayari. Mwenye mashine anapaswa kuupima kabla ya kazi na kukuonyesha kwamba mashine inasoma namba iliyoandikwa kwenye chupa. Kuomba kuonyeshwa si matusi. Katika biashara kubwa, sampuli iliyochanganywa hugawanywa mara tatu na kufungwa kwa lakiri: moja ya muuzaji, moja ya mnunuzi, na ya tatu huwekwa kwa ajili ya maabara ya mwamuzi endapo majibu mawili yataachana mno. Kigali kuna maabara za kujitegemea zinazopima madini kwa malipo. Kwa mfuko mmoja gharama inaweza kuzidi faida, lakini kwa ushirika wenye magunia mengi hesabu hugeuka.

Jambo la usalama, kwa kuwa tumeona watu wakilifanya: usishike sampuli kwa mkono mashine inapofanya kazi, wala usiielekeze kwa mtu, hata kwa mchezo. Inatoa eksirei mbele ya mdomo wake. Sampuli iwekwe mezani au kwenye kikombe chake, na watoto wakae mbali.

Gunia limetoka wapi?

Swali kubwa zaidi katika eneo letu ni chanzo. Desemba 2010, viongozi wa nchi za Kanda ya Maziwa Makuu walikutana Lusaka na kukubaliana kufuatilia dhahabu, bati, tantali na wolframu tangu shimoni. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria inayozitaka kampuni kueleza kama madini hayo yanatoka Kongo au nchi jirani. Tangu 2011 magunia mengi Rwanda na sehemu za Kongo hufungwa lebo yenye namba. Lakini lebo ni plastiki, na plastiki inaweza kuhamishwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kadhaa kwamba madini ya Kivu huvushwa na kuchanganywa na ya Rwanda. Serikali ya Rwanda imekanusha. Makala hii haiwezi kumaliza ugomvi huo. Inaweza kueleza kile ambacho maabara inaweza na haiwezi kusema juu yake.

Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, iitwayo BGR, yenye makao Hannover, ilitengeneza njia ya kusoma alama ya koltani, kama alama ya kidole. Punje nyingi za gunia hutazamwa kwa hadubini inayozipiga kwa elektroni, nazo hujibu kwa eksirei zilezile tulizozieleza, kila metali kwa sauti yake. Kisha leza huchoma vidoto katika punje za tantaliti ili kupima metali zilizomo kwa kiasi kidogo sana, kama urani, na uwiano wake huweza pia kuonyesha umri wa jiwe. Punje za shimo moja hazifanani zote. Kinacholinganishwa ni mtawanyiko wake wote dhidi ya mtawanyiko wa sampuli zilizochukuliwa shimoni kabla, na moja ya vipimo vinavyotumika kulinganisha ina majina ya wanahisabati wawili wa Kisovieti, Kolmogorov na Smirnov.

Nadharia tete hapa ni: gunia hili limetoka shimo lililoandikwa kwenye lebo. Kuna namna mbili za kukosea, na hazimuumizi mtu mmoja. Ukikataa dai la kweli, mchimbaji mwaminifu anaitwa mlanguzi, gunia linazuiwa, familia inalala njaa. Kwa mpaka wa 5 katika 100, magunia 100 ya waaminifu yakipimwa, tarajia takribani matano yakwame bila kosa. Ndiyo maana jibu la namna hiyo linapaswa kuanzisha uchunguzi wa karatasi na shimo lenyewe, siyo kufunga kesi. Ukikubali dai la uongo, lebo imesafisha mzigo ambao haukupaswa kupita, na wanaoumia wako mbali na maabara, pengine vijijini ambako baadhi ya wasomaji wetu walitoka wakikimbia.

Ukipunguza kosa la kwanza bila kuongeza sampuli, la pili linakua. Na jiolojia yetu haisaidii. Mawe yenye koltani ya Kivu na ya Rwanda ni ya ukanda mmoja, yaliyozaliwa karibu wakati mmoja, takribani miaka bilioni moja iliyopita. Mpaka wa nchi ni wa juzi tu. Mashimo mawili yanayotazamana ng'ambo na ng'ambo yanaweza kuwa na punje zinazofanana kuliko mashimo mawili ya wilaya moja, na kama hifadhi ya sampuli haina punje za shimo fulani, hakuna cha kulinganisha. Katika hali hiyo kipimo kinaweza kushindwa kukataa dai la uongo hata kama kila mtu amefanya kazi yake vizuri.

Kwa hiyo ukisoma katika gazeti au kusikia redioni kwamba maabara "imethibitisha" gunia limetoka mahali fulani, tafuta ripoti yenyewe. Mara nyingi kilichoandikwa ni kwamba vipimo havikupingana na chanzo kilichotajwa. Uliza pia ni punje ngapi zilizopimwa, na ni mashimo mangapi ya jirani, pande zote mbili za mpaka, yaliyokuwa kwenye hifadhi siku hiyo.